Pengo la Nne

Afisa alikunjua kitambaa mezani. "Tazama vizuri, mama. Tulikikuta kimeshonwa ndani ya kola ya marehemu. Kitambulisho hakikuwepo, na uso hautambuliki."

Bi Sikudhani alikitambua papo hapo. "Ni kanga yangu."

"Pole sana, mama." Afisa akashika kalamu. "Jina la mwanao?"

"Hamdu," alisema, kisha akasita. "Ngoja kwanza, baba. Usiandike."

Siku ya kuondoka kwenda vitani, vijana sita wa mtaa walipanga foleni uani kwake. Alimkatia kila mmoja kwa zamu kipande cha kanga ile ile na kumshonea kolani, ili waliotoka pamoja warudi pamoja. Hakurudi hata mmoja.

"Mama, kesho tunazika. Lazima niandike jina."

Akaitoa kanga mkobani, akaitandaza. Ukingoni ilikuwa na mapengo sita, yamekatwa kwa mkasi butu. Akakijaribu kipande pengo baada ya pengo, hadi kikakaa sawasawa kwenye la nne.

"Wa nne alikuwa nani?"

Bi Sikudhani alifumba macho. Aliwaona wakisukumana na kupishana. Alimsikia Hamdu akicheka, "Hata mimi mwanao nipange foleni?" Je, alimwita mbele? Au alimwambia asubiri zamu yake kama wenzake?

"Sijui," alinong'ona. "Wallahi sijui."

Alipofumbua macho, mama wa wale vijana wengine watano walikuwa wameinuka kwenye benchi la mlangoni na kuizunguka meza. Feni ilikuwa inazunguka, na Bi Sikudhani alikikandamiza kipande kwa kidole, kisipeperuke.