Swala Aliyekataa Kupumzika Mlimani

Mwaka ule moto ulipokula nyasi za bondeni, Swala, bingwa wa kuruka, alipanda mlimani na kundi lake kucheza mpira wa kikapu na mwenyeji, Mbuzi Mawe. Akishinda mchezo huo mmoja, kundi lingepewa malisho huko.

"Ndugu mgeni, pumzika kwanza siku kadhaa, kifua kiizoee hewa yetu nyepesi ya huku juu. Ndiyo desturi."

"Desturi ya waoga hiyo. Rusha mpira!"

Swala akaruka, akajiona mwepesi kuliko siku zote, akafunga, akafunga tena. Kisha kifua kikambana. Alivuta pumzi, haikutosha, akashindwa kuruka tena. Mbuzi Mawe, asiyeruka juu kama yeye, akafunga polepole mpaka akampita, akashinda.

"Turudie wiki ijayo," Swala alihema. "Nitakuwa nimezoea."

"Najua, ndugu yangu. Nilitaka uzoee kwanza."

Swala akageuka. Kundi lake lilikuwa limeshaanza kuteremka, kurudi kwenye majivu.