Rangi ya Kufukuza Washenga

"Mastura, hiki chumba chako kimeona aibu gani?" aliuliza jirani yake Inobat, kichwa amekichomoza dirishani.

Bi Mastura hakushuka kwenye kigoda. Kuta tatu zilikwisha kuwa pinki, pinki ya ufizi wa mtoto mchanga, na wa nne ulikuwa njiani.

"Kinangoja wageni," alisema.

"Wale washenga wa Alhamisi? Dada, watadhani wameketi kinywani mwa ng'ombe."

"Inshallah," alijibu Bi Mastura, akachovya brashi.

Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, hakuwa na mwenzake ila mjukuu wake Dilnavoz: wa kumtilia chai, wa kumsomea maandishi madogo ya chupa za dawa, wa kugombana naye asubuhi. Sasa washenga wanakuja kumposa. Na baba wa binti, aliyeko Urusi kikazi, ameshapiga simu: washenga wakiipenda nyumba, Bi Mastura avunje mkate, posa imekubaliwa.

Huko Margilan, mji wa Uzbekistan, nyumba ndiyo hutazamwa kwanza. Mama wa kijana hupapasa mapazia, huhesabu magodoro, ndipo amgeukie binti. Kijana mwenyewe haonekani mpaka siku ya mkate. Na kumfukuza mgeni ni aibu ya ukoo mzima. Lakini mgeni akikimbia mwenyewe, nani wa kulaumiwa?

"Bibi, nenda lile duka la rangi karibu na soko la hariri," Dilnavoz alikuwa amemshauri aliposikia chumba kitapakwa. "Yule muuzaji ana jicho la rangi."

Muuzaji alikuwa kijana mpole, rangi imemkaukia vidoleni. Bi Mastura hakumficha kitu; mtu wa swala tano hasemi uongo pasipo lazima.

"Mwanangu, nataka rangi ya kufukuza washenga."

Kijana alimtazama kidogo. "Watu wa namna gani hao, bibi?"

"Nasikia mama mtu havai ila kijivu, na hajacheka tangu kuzaliwa."

Kijana akakohoa, ngumi mdomoni. Kisha akateremsha makopo mawili. "Basi hii. Na mapazia yawe hivi hivi, bibi. Na magodoro, na birika. Usimwachie pa kupumzisha macho."

Bi Mastura alimwombea dua papo hapo, apate mke mwema.

Siku tatu walipaka. Dilnavoz alipaka akiimba, na kila alipoimba bibi yake alichomwa moyoni. Maskini ya Mungu, hajui anachopaka.

Alhamisi Bi Risolat, mama wa kijana, aliingia na dada zake wawili, kijivu toka ushungi hadi soksi. Alisimama mlangoni. Alipapasa pazia la pinki, akaketi juu ya godoro la pinki, akamiminiwa chai kutoka birika la pinki. Dada zake walitazamana.

Bi Mastura alimshukuru Mola kimoyomoyo.

"Nani kachagua rangi hii?" aliuliza Bi Risolat.

"Mimi, kwa mkono wangu. Macho yanakuuma, mama?"

Yule mama aliweka kikombe chini. Akaingiza mkono kifuani, akatoa leso ya kujifutia machozi. Ilikuwa pinki.

"Miaka thelathini," alisema, "marehemu mume wangu hakuniruhusu rangi hii hata kwenye foronya. Kuolewa nikaolewa, kuzeeka nikazeeka, chumba cha namna hii sijakiona ila usingizini. Mwenzangu, nyumba hii mimi sitoki bila mkwe."

"Lakini binti yetu ni mvivu," alisema Bi Mastura upesi.

"Atapumzika kwangu."

"Anakoroma."

"Mimi pia. Mkate anao mwanangu, yuko langoni. Mwiteni."

Kijana aliingia ameinamisha kichwa, mkate wa duara mikononi, rangi ya pinki imemkaukia vidoleni.

"Bibi," alisema taratibu, "makopo mawili yalitosha?"

Nyuma ya pazia Dilnavoz alisikika akikohoa, ngumi mdomoni.

Bi Mastura aliuvunja mkate vipande viwili, akajitanda ushungi, akatoka kwenda kumwambia Inobat kwamba posa imekubaliwa.