Mlio wa Kulwa

Siku hizi kila mtoto hutiwa begani punje ya chuma yenye mlio wake kwenye mashine za kutambua madini, na pacha hupewa mlio mmoja.

Kulwa, pacha wa Doto, alifukiwa na kifusi machimboni, hakutolewa. Tangu hapo mashine ya kusakia dhahabu ya mama yao, Minza, ililia kila ilipopita pale, dhahabu ikawa haisikiki.

"Shemeji, izoeshe huo mlio mpaka iunyamazie," alisema Lugola. "Doto naye atakula nini?"

Minza akaipandisha sahani ya mashine, ile inayonusa ardhi, na kuishusha juu ya kifusi tena na tena ili iuzoee mlio, taratibu, kama anayebembeleza mtoto, hadi ikanyamaza kabisa.

Minza alipofika nyumbani, Doto alimkimbilia akaegemeza bega kwenye sahani, kama kila siku, asikie ikimwita.

Kimya.

"Mama," aliuliza, "kwani na mimi sipo?"