Swali la Profesa Mbaruku

Katika kongamano la watafiti wa mwendo wa vimiminika, hakuna aliyeogopwa kama Profesa Mbaruku. Maswali yake yalikwisha kuwaliza wengi jukwaani.

Dakta Saumu alikuwa akieleza jinsi maji yanavyozunguka kwenye kona ya bomba, mara mwanawe mchanga akaangua kilio mikononi mwa shangazi yake. Saumu akapotewa na maneno. Profesa akainuka, akampokea mtoto na kumlaza begani.

“Endelea, binti yangu.”

Saumu alipomaliza, Profesa aliinua mkono. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

“Hesabu yako ya pili siiamini hata kidogo,” alinong’ona.

Saumu akatabasamu, akaanza kujitetea kwa kunong’ona vilevile, na ukumbi mzima ukainama mbele ili usikie.