Jasho la Silvano

Godwin alikuwa katikati ya kueleza anavyompenda Agatha pale jasho lilipoanza kumtoka baba wa binti. Lilichomoza kwenye paji la uso, likashuka mpaka kwenye ndevu.

"Baba, unaumwa?" Godwin akauliza. Alikuwa ameketi kitandani ubavuni mwa mgonjwa, amemshika mkono kwa mikono yake miwili.

Mama Agatha hakusubiri mumewe ajibu. "Nenda nyumbani, mwanangu. Baba yako amekwisha kujibu."

Godwin, fundi baiskeli wa pale pale Makote, akaaga na kuondoka. Agatha alimsindikiza kwa macho akiwa kwenye mlango wa jikoni. Hakubisha. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kubishana na jasho la Silvano.

Mambo yalianza mwaka ule soko la korosho lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda Newala na malori yao. Silvano alikuwa juu ya lori akipanga magunia, akateleza, akadondoka na kuvunjika uti wa mgongo. Tangu hapo, kuanzia kifuani kwenda chini, hata umchome na kaa la moto hasikii. Mkojo ulipita kwenye mpira hadi kwenye chupa iliyokaa mvunguni.

Alilala hivyo miezi mingi, watu wakamzoea kama wanavyozoea kabati. Kisha mnunuzi mmoja akaja kumpa pole, akaketi kitandani na kuisifu mizani yake kwa kirefu. Jasho likamtiririka Silvano na kichwa kikaanza kumgonga.

"Yule mtu mwongo," alimwambia mkewe mgeni alipoondoka.

Wiki haikuisha, mizani ya yule bwana ikakutwa imechezewa.

Basi wakaanza kumletea watu. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba alimleta jirani yake, aliyeibiwa kuku alimleta aliyemshuku. Mtuhumiwa aliketishwa kitandani, akaulizwa, na wote wakakodolea macho paji la uso la mzee. Kichwa kilimuuma Silvano kila mara kama kinataka kupasuka, lakini hakulalamika. Alikuwa na kazi tena. Watoto walirudi kumpa shikamoo.

Wiki tatu baada ya Godwin akaja Reginald, mnunuzi wa korosho kutoka Masasi, mwenye viatu vinavyong'aa. Alizungumza saa nzima. Mama Agatha alipitisha kiganja kwenye paji la uso la mumewe, akamgeukia binti yake.

"Pakavu," alisema.

Agatha aliolewa baada ya Pasaka, akapelekwa Masasi. Alilia njia nzima, watu wakasema ndivyo mabibi arusi walivyo.

Mwezi wa nane Silvano alizimia katikati ya shauri la mbuzi. Walimfikisha hospitali ya misheni presha ikiwa juu mno. Daktari alimfunua, akaukuta mpira wa mkojo umebanwa chini ya paja, akaunyoosha. Chupa ikajaa. Jasho likakatika kabla hata hajachomwa sindano.

"Mama, mshukuru Mungu, angekufa," daktari alisema. "Mishipa ya kuhisi iliyo chini ya pale alipovunjika imechipua. Imechipua ovyo, humo humo ndani ya uti, kama kisiki cha mkorosho. Kibofu kikijaa, inapiga kelele. Yeye hazisikii, lakini mwili unashtuka. Presha inapanda, jasho linamtoka, kichwa kinamuuma. Mtu akiukalia mpira huu kwa muda, inatosha."

Mama Agatha aliutazama ule mpira.

"Wote tuliwaketisha hapo hapo," alisema. "Na wengine waliketi wenyewe, kwa kumpenda."

"Na wote walimtoa jasho?"

"Isipokuwa mmoja. Mkwe wetu."

Silvano, aliyekuwa amezinduka, aligeuza uso ukutani.

"Yeye aliketi wapi?" daktari akauliza.

"Hakuketi," Mama Agatha alisema polepole. "Alisimama mlangoni saa nzima, kitambaa puani. Alisema ana mafua."