Majivu ya Kupimia Upepo

Mkumbo, mpimaji wa upepo wa mji wetu, alipopiga hodi akisema amekuja kumjulia hali mama, nilijua kwamba tangu jana hajafa mtu.

Kila jioni roketi hupanda na majivu ya marehemu mmoja, yaliyochanganywa na unga unaong'aa. Yakimwagwa juu kabisa, kule mawingu yasikofika, mitambo huufuata mng'ao wake na kupima upepo unavyokwenda. Ndivyo tunavyojua tufani itapiga wapi. Hata baba tulimwona akielea juu ya mji, kijani kibichi, tukapiga makofi kama watu wote.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza Mkumbo.

"Leo kaamka vizuri. Kanywa uji, kaomba na wa pili."

Hakumshukuru Mungu kama watu wanavyofanya. Alitazama angani. "Tufani iko njiani, dada, na sisi hatuna kipimo."

"Poleni," nikasema, mkono wangu ukiwa bado kwenye komeo.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka chumbani. "Mkaribishe, mwanangu, usimsimamishe mlangoni!"

Mkumbo akasogea kando. Nyuma yake majirani walikuwa wanaingia uani kimyakimya, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamebeba turubai. Mama Sinde wa nyumba ya pili hakunitazama usoni. Aliinama, akaanza kutandika mikeka ya msiba.

Chumbani kijiko kiligonga bakuli.

"Uji umebaki?" mama akauliza.