Simu Iliyopakwa Mafuta

Kwenye filamu aliyokuwa akiitazama Rosine, bosi Mmarekani wa dawa za kulevya aliketi na watu wake kama kwenye mkutano wa kampuni, kwa suti na tai. Akawagawia simu ndogo za batani. "Hizi ni za wateja tu."

Rosine akaitazama simu ya batani ya mumewe, pale mezani kando ya chai. Jumapili iliyopita, katika kanisa lao la mtaa wa Lozells, huku ughaibuni, Rosine mwenyewe ndiye aliyeipeleka iombewe. "Ni ya biashara, Baba Mchungaji. Wateja waongezeke."

Waliongezeka.

Mafuta ya upako yalikuwa bado yanang'aa katikati ya batani.

Ikaita. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika, na mumewe alikuwa akiimba pambio.

Rosine akapokea.

"Anaoga," akasema kwa Kiingereza. "Unataka ngapi?"